Mkate wa Pili

Limanowa, 22 Agosti 1993

Kaka yangu Walek,

Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Gdynia kwenye upepo wa bahari. Sisi huku milimani hatujambo. Danka binti yangu anakusalimu, mumewe anakusalimu, na jogoo wangu naye angekusalimu ila Jumapili tulimtia kwenye supu. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi yanagusa chini. Nimechemsha jamu hadi vidole vyangu vimekuwa vya zambarau, na kanisani mtu akinipa mkono anautazama kwanza.

Barua yako niliisoma mara tatu, wala si kwa sababu ni ndefu. Siku hizi unaandika herufi kubwa kama fundi anayeandika ubao wa duka. Ukurasa mzima, sentensi nne! Karatasi huko kwenu zinaokotwa?

Basi nimekubali. Jumamosi tarehe 18 Septemba, saa sita mchana, tarumbeta ya mnara inapolia, nitakuwa chini ya sanamu katikati ya uwanja mkuu wa Kraków, pale ambapo kila mtu humngojea mtu wake. Wewe utashuka na treni ya usiku, mimi nitapanda basi la asubuhi. Tutakula pamoja, utanionyesha mji wa ujana wako, jioni kila mmoja atarudi kwake. Ni wazo zuri, ingawa kwa mtu ambaye miaka sita hajaja kuniona, sikutegemea litoke kwako.

Nikwambie ukweli, naogopa. Tangu niolewe sijasafiri peke yangu hata mara moja. Kraków nimefika mara nyingi, lakini nilikuwa nikiufuata mgongo wa Ludwik. Tiketi alishika yeye, njia aliijua yeye, mimi nilishika mkoba wa chakula. Ukiniuliza mji ule ukoje, nitakueleza koti la marehemu mume wangu lilivyokuwa kwa nyuma.

Danka anasema, "Mama, mwambie mjomba aje huku, kwani huku hakuna njia?" Nikamjibu, mjomba wako hata mazishi ya baba yako hakuja, alituma shada la maua. Sikusemi, Kaka. Uliandika kuwa mgongo umekushika, na mgongo ukishika umeshika. Ila uso wako nimeanza kuusahau, na hilo silipendi. Ahadi ni deni. Nitakuja, ilimradi utanishika mkono kama ulivyokuwa ukinivusha kijito twende shule.

Mdogo wako,
Genia

Na acha kulalamika kuwa opłatek ya Krismasi iliyopita ilifika imepondeka. Kila mwaka, kabla ya mkesha, namega kona yangu ya ule mkate mwembamba, nautia kwenye bahasha, nawe unamega yako huko, tunakuwa tumekula pamoja. Ukifika unga, mlaumu mtu wa posta.


Gdynia, 3 Septemba 1993

Genia mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa Danka na kwa supu ya jogoo. Mimi mzima. Jirani yangu Alojzy mzima, bado anakoroma mpaka vikombe vyangu vinagongana kabatini.

Herufi kubwa ni za mtu mkubwa. Aliyeendesha kreni bandarini maisha yake yote haandiki kama sisimizi.

Nitakuwepo. Kraków naijua kwa nyayo. Nilipokuwa kijana kiwandani Nowa Huta, hakuna kichochoro cha mji ule nilichokiacha. Shika kiwiko changu tu.

Jambo moja. Vaa kitambaa chekundu kichwani. Chekundu kabisa, si rangi ya matofali.

Walek


Limanowa, 20 Septemba 1993

Walek,

Salamu. Sisi wazima. Danka anakusalimu. Plamu zimekwisha.

Hukuja.

Nilitaka niishie hapo, niibandike stempu, basi. Lakini siku ile nimeibeba kifuani tangu juzi na sina mwingine wa kumpa, kwa hiyo utaisoma yote, ukitaka usitake.

Kitambaa chekundu nilikiazima kwa Danka. Unajua maana yake, mjane kuvaa nyekundu kabla mwaka haujaisha? Kwenye basi Bi Stasia, yule mwenye duka la vifungo, alinitazama kuanzia kichwani akashuka mpaka kwenye viatu, akapanda tena.

"Genia, udongo wa Ludwik haujakauka, umeshavaa sherehe?"

"Kaka yangu ameniagiza."

"Kaka!" akasema, akamgeukia jirani yake. "Siku hizi wanaitwa kaka."

Basi zima likacheka. Nami nikacheka, Walek, kwa sababu nilikuwa na furaha. Nilikuwa nakwenda kukuona.

Kutoka kituoni niliuliza njia kwa watu wanne, na wote walinionyesha upande ule ule, nikatulia. Nikapita lango la zamani, nikafika uwanjani mapema sana. Nikamsogelea mama mmoja anayeuza obwarzanki, nikanunua, nikakaa kwenye ngazi za sanamu na mkate wangu wa pete, nikawatazama njiwa. Wale njiwa wamenona kuliko kuku wangu.

Saa sita ikafika. Dirisha la mnara likafunguka na tarumbeta ikalia. Unajua inavyokatika katikati, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ikalia kwa upande wa pili, wa tatu, wa nne, kila mara inakatika pale pale. Niliisikia maisha yangu yote kwenye redio nikikoroga chungu, na sikuwahi kujiuliza inakatikia kwenye nini. Nilisimama ili unione. Nilikaa nikasimama tena. Watu walikuja wakakutana na watu wao, wakabusiana, wakaondoka, ngazi zikajaa wengine.

Ikalia ya saa saba.

Pakapita mtu mrefu mwenye koti la kijivu, amenipa mgongo. Nikapiga kelele, "Walek! Walek!" Njiwa wote wakaruka. Akageuka, kumbe ni Mjerumani na kamera yake, akadhani namtaka anipige picha. Uwanja mzima ulinitazama, kikongwe mwenye kitambaa chekundu anapayuka jina la mwanamume. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikaondoka kwa hasira. Nikasema narudi kituoni. Na kwa hasira nikaingia kwenye ile bustani inayouzunguka mji wa kale, nikashika kushoto badala ya kulia, nikatembea, nikatembea. Miti, mabenchi, miti. Kituo hakuna. Hatimaye nikamwona mzee anasoma gazeti.

"Bwana, kituo cha basi bado mbali?"

"Kwa njia hiyo unayokwenda, mama, ni mbali sana. Umekipa mgongo."

Nikakaa kwenye benchi lake nikaanza kulia kama mtoto. Hakunibembeleza. Alikunja gazeti lake akasema, "Hii bustani ni duara. Hapa hakuna mtu aliyewahi kupotea, kuna waliochelewa tu. Wewe endelea, mji wenyewe utakurudisha." Kisha akaniuliza kama najali akimalizia ukurasa wa michezo.

Nikajipangusa macho. Basi langu lilikuwa la jioni. Nilikuwa na mchana mzima, miguu miwili, na hakuna koti la mtu mbele yangu.

Nikaendelea, nikatokea chini ya kilima cha wafalme. Nikapanda. Ludwik hakuwahi kunipandisha kule, alisema magoti. Nikapanda mpaka juu kwenye kengele kubwa, ile inayolia kwenye sikukuu kuu tu, ngazi za mbao nyembamba mtu anapita kwa kuinama. Mlinzi akanitania, "Gusa ulimi wake, mama, wanaogusa hupata mume."

"Nilikuwa naye. Alinitosha."

"Basi omba kingine. Haichagui."

Niliugusa. Ni wa baridi. Nilichoomba sikwambii, maana nilikiomba nikiwa bado na akili za kukupenda.

Na pale juu kuna kidirisha. Nikachungulia, na mji wote ukawa chini yangu, mapaa mekundu, mto, minara, na kule kati niliutambua uwanja wetu na mnara wa tarumbeta. Walek, niliuona mji. Kwa mara ya kwanza niliuona mji wenyewe! Nilihisi furaha, halafu nikamwonea aibu Ludwik kwa furaha hiyo, halafu nikaona njaa.

Nikaingia kwenye mkahawa, ule wa chakula cha bei nafuu wenye foleni. Yule mama wa dirishani akabweka, "Haya, mpenzi, tusilale!" Maisha yangu yote Ludwik aliniagizia pierogi za kuchemsha zilizojazwa uyoga. Nikafungua mdomo kusema uyoga, nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Za beri. Na krimu." Nina miaka sitini na moja, na sikuwa najua kuwa napenda pierogi za beri. Msichana mmoja, mwanafunzi, akashika kiti cha mbele yangu akauliza, "Kuna mtu hapa?" Nikamwambia hakuna.

Nilirudi kituoni kwa kuizunguka bustani. Yule mzee alikuwa bado na gazeti lake. Alininyooshea kidole gumba.

Ndiyo siku yangu hiyo. Sasa sikiliza. Mazishini hukuja, nikanyamaza. Uwanjani hukuja, sinyamazi. Kama unaumwa, sema. Kama umenichoka, sema pia, mimi si yai. Lakini niandikie sababu, na iwe sababu ya kweli.

Genia


Gdynia, 17 Oktoba 1993

Genia mdogo wangu,

Salamu kwenu wote. Mimi sijambo kidogo. Huku mvua na upepo. Alojzy amenunua mbwa, sasa wanakoroma wawili.

Nimechelewa kujibu, nisamehe. Mgongo ulinishika tena siku ile ya kusafiri. Nililala kitandani, redio kando, na saa sita nikaisikia tarumbeta yako, nikajua umesimama pale. Niliumia. Amini.

Barua yako ni nzuri. Alojzy alikuwepo nilipokuwa naisoma, naye alicheka sana kwa Mjerumani. Umepanda mpaka kwenye kengele! Mama angekuwa hai asingeamini. Wewe uliyekuwa ukilia kuvuka kijito.

Mwakani, Mungu akipenda, tutajaribu tena. Hasira ni hasara, mdogo wangu. Na ule mkate wa ufuta ulioninunulia, basi tuseme njiwa walikuwa na bahati kuliko mimi.

Walek


Limanowa, 25 Oktoba 1993

Walek,

Leo salamu hazipo. Salamu ni za watu wanaoambiana ukweli.

Nimeketi na barua yako tangu jana. Nimekumbuka kila neno nililokuandikia, maana mtu akiandika kwa hasira hasahau. Nilikuandikia nilinunua mkate nikala. Sikukuandikia nilinunua mikate miwili. Sikuandika kwa makusudi, kwa sababu sikutaka ujue kuwa mtu uliyemtupa uwanjani alikuwa amekushikia mkate mkononi mpaka ukawa mgumu.

Mmoja wa chumvi, wangu. Mmoja wa ufuta, wako. Ulipokuwa unarudi nyumbani kutoka Nowa Huta ulikuwa unatuletea, wa ufuta ukiuficha kwa ajili yako mwenyewe, mchoyo wewe. Nilipoondoka niliuvunja nikawamwagia njiwa. Danka sikumwambia. Padri sikumwambia. Wanaojua ni njiwa, na njiwa hawaandiki barua.

Redio nayo haitangazi mkate.

Njia ya mwongo ni fupi, Kaka. Ulikuwepo.

Ulikuwepo, ukasimama mahali, ukanitazama nikisimama na kukaa, nikisimama na kukaa, nikikuita kama mwendawazimu. Nilidhani maumivu ni kuwa hukuja. Kumbe hayo yalikuwa madogo.

Jumatatu ijayo ni Sikukuu ya Watakatifu Wote. Nitawasha taa kwenye kaburi la Ludwik, kisha kwa mama, moja yangu na moja yako kama kila mwaka. Nitakapoiwasha yako, nimwambie nini mama? Nipe maneno. Bila maneno hayo usiniandikie tena.

Genia


Gdynia, 21 Novemba 1993

Genia,

Mistari ikipandana, nivumilie. Hii barua nimeanza mara nyingi. Alojzy alijitolea kuniandikia, nikamkatalia. Ameandika anwani tu.

Nilikuwepo. Nilikuwa upande wa pili wa sanamu, mgongoni kwako.

Macho yangu yamekwisha. Si giza, watu hudhani giza. Ni katikati ndipo pamekwisha. Nikimtazama mtu usoni, pale penye uso pana doa la moshi. Nikitazama kando yake, naona nguo, naona anavyotembea. Nikimrudia, amepotea. Ndiyo sababu ya herufi hizi kubwa na kalamu nene. Ndiyo sababu ya kitambaa chekundu. Barua zako hunisomea Alojzy. Ile ya Mjerumani alicheka, kisha alipofika mwisho akaikunja akatoka bila kuniaga.

Mazishini haukuwa mgongo. Nilivaa suti nyeusi, nikaenda stesheni, nikajifanya nasoma ubao wa treni kama watu wote. Sikutaka kumuuliza mtu. Nilipanda treni isiyokuwa yangu, nikajikuta Słupsk, na shada la Ludwik mapajani. Nililituma kwa gari la kesho yake. Nikaona bora uniite mvivu kuliko uniite kipofu.

Mwezi wa saba daktari alisema, "Mzee, kama kuna kitu unataka kukitazama, kitazame kabla ya baridi." Nikafikiri njia nzima ya kurudi. Nilivyovitaka vilikuwa viwili, uwanja wa Kraków na wewe. Ndipo nikakuandikia.

Safari hii Alojzy alinipandisha treni mwenyewe, akamwambia kondakta mbele yangu, "Huyu haoni," kama vile mimi ni sanduku. Nilifika asubuhi. Mji ule nilikwambia naujua kwa nyayo, na nyayo hazikunidanganya. Nilipita lango, nikafuata mawe, nikafika. Nikaiona nyekundu yako kando ya jicho. Nikaja taratibu, nataka nikushtue kwa nyuma, nikuzibe macho kama zamani.

Ndipo nikasikia sauti yako. Una sauti ya mama, nilikuwa nimesahau. Ulikuwa unamwambia muuzaji, "Nipe na wa ufuta, wa kaka yangu. Utamwona akija, mtu mrefu. Alikuwa juu ya kreni, anaona kifungo cha baharia kutoka mawinguni. Leo sina wasiwasi na mji wenu, ananishika mkono yeye." Na yule mama akakujibu, "Una bahati. Wangu hata soksi zake hazioni." Mkacheka.

Nilikuwa na fimbo nyeupe mkononi. Niliikunja nikaificha ndani ya koti. Nikajiambia tarumbeta ikimaliza nitakwenda. Ikamaliza upande wa nne, miguu haikuondoka. Nikajiambia ya saa saba. Ukapiga kelele, ukaniita. Uliniita kwa jina langu, na mimi nimesimama nimeshika jiwe la sanamu, na sikuitika. Genia, nimekaa juu ya kreni kwenye dhoruba, chini watu wamekimbia. Sijaogopa vile.

Ulipokwenda nilibaki. Nilisikia njiwa wanadonoa karibu na viatu vyangu, na harufu ya ufuta ilikuwepo. Ndiyo yote.

Mwambie mama hivyo hivyo. Na Danka umwambie kuwa mjomba hakumdharau baba yake.

Usije kunihurumia, sitafungua mlango. Krismasi nitakuwa sawa. Alojzy anakwenda kwa binti yake. Mimi nitatandika meza, sahani yangu na ile moja ya mgeni asiyetarajiwa, kama mama alivyotufundisha. Opłatek tuma kama kawaida.

Walek


Limanowa, 8 Desemba 1993

Kaka yangu Walek,

Natumaini Alojzy anapokusomea barua hii, wewe, yeye na mbwa wake mnakoroma kwa afya njema. Alojzy, salamu, na ahsante. Soma polepole na usiruke matusi.

Huku theluji imefika madirishani. Danka anakusalimu mara mbili. Barua yako niliisoma kwa sauti jikoni, nikashindwa katikati, akaichukua yeye akamalizia, akashindwa mwisho. Mkwe wangu aliingia akatukuta tunalia, akadhani ng'ombe amekufa.

Nimekukasirikia, na nitakukasirikia tena tukionana. Mficha maradhi kifo humuumbua, wewe umeumbuliwa na mkate, shukuru. Ulimwacha dada yako aamini kuwa amechokwa, ili mradi muuza mikate asiharibikiwe na hadithi! Eti uliona bora nikuite mvivu. Mvivu nimekuita tangu mwaka wa arobaini, imekusaidia nini?

Nilikwenda kaburini kwa mama kabla ya theluji. Barua yako ilikuwa bado haijafika, kwa hiyo nilimwambia sijui. Jumapili nilirudi nikafukua theluji nikamwambia vizuri. Nadhani alikwisha kujua.

Sasa nikueleze nililoliwaza. Nilikwenda uwanjani ili nishikwe mkono. Ungenishika, ningekuwa nimeona mgongo wa koti lako, basi, na ningerudi Limanowa mjinga kama nilivyokwenda. Hukunishika, nikapotea, nikajifunza kuuliza. Nauliza sana siku hizi, Walek. Si aibu. Unafungua mdomo unasema, "Samahani, sijui," na mtu anakuonyesha kwa kidole. Ungemuuliza mtu mmoja pale stesheni, ungekuwa kwenye mazishi ya Ludwik. Nakwambia hili mara moja, sitalirudia.

Usiogope, sikuhurumii. Nakuja kula. Nimekwisha kukata tiketi. Nitachukua basi mpaka Kraków, kisha treni ya usiku, na asubuhi ya mkesha nitakuwa Gdynia. Danka anasema, "Mama, peke yako, katika baridi hii, nchi nzima?" Nikamwambia mama yako ameshauzunguka mji wa wafalme kwa miguu, Gdynia ni nini. Nikikosa njia nitamuuliza mzee yeyote mwenye gazeti. Stesheni ya Kraków nitanunua mikate miwili, na safari hii njiwa wasinitazame.

Unaona nami ninavyoandika leo? Nimenunua kalamu nene. Ukurasa wa nne huu, na sijasema kitu. Hata Limanowa karatasi zinaokotwa. Jaribu kusoma mstari wa mwisho mwenyewe, Alojzy asikusaidie.

Usitafute opłatek ndani ya bahasha hii. Ukiitikisa utasikia karatasi tu. Mwaka huu siutumi kwa posta na sijamega kona. Nitakuja nao mzima, tuumege wawili. Ile sahani ya mgeni usiiondoe mezani, ni yangu.

Njoo stesheni na fimbo yako, uishike mkononi, si ndani ya koti. Nitavaa kile kitambaa chekundu, Bi Stasia apasuke. Simama ulipo, usinitafute. Kutafuta ni kazi yangu. Nitashuka kwenye treni na nitaita jina lako kama nilivyoita siku ile, mbele za watu.

SAFARI HII UITIKE.

Genia